Mahale, ng'ambo ya kijito

Jumatatu, Ujiji

Boti la kwenda kusini huondoka Ujiji jioni. Niliambiwa saa kumi na moja, nikafika saa kumi, likaondoka saa moja kasoro, na hakuna aliyelalamika ila mimi na kuku mmoja aliyefungwa miguu kapuni kwa jirani yangu. Ni boti la mbao, refu, lenye injini moja nyuma. Kabla ya abiria kupanda ilipanda mifuko ya saruji, magodoro, kreti za soda, mabati na pikipiki mbili zilizolazwa ubavu. Sisi tukajipanga juu ya mizigo. Mwenye bahati aliangukia godoro. Mimi niliangukia saruji.

Nimefuatana na binamu yangu, mtoto wa shangazi, dereva wa bajaji pale Mwanga. Mimi ni fundi simu mjini. Miaka kumi na moja nimeuza chaja na kubadilisha vioo vya simu za Wajapani, Wajerumani na Wamarekani wanaopita Kigoma kwenda kuona sokwe, na mwenyewe sijawahi kufika hata Gombe, ambayo ni kilometa 16 tu kaskazini ya mji. Sisi wengi wa Kigoma ndivyo tulivyo. Ukituuliza habari za sokwe tutakujibu, "Aa, wale wa wazungu."

Lakini Mahale, milima ya sokwe huko kusini tunakokwenda, nina jambo langu. Bibi mzaa mama ni Mtongwe, na alizaliwa Kasiha, ufukweni chini ya milima ile, pale ambapo leo kuna mabanda ya wageni wa hifadhi. Watu wake walihamishwa wakati wa vijiji vya ujamaa, miaka ya 1970. Mwaka 1985 milima ikatangazwa kuwa hifadhi ya taifa. Jana aliniita akanikalisha mkekani.

"Mume wangu, ukifika Kasiha utaona kijito. Kando ya kijito kuna mwembe wa baba yangu. Nitazamie kama ungali umesimama. Na ule mlima mkubwa usiunyooshee kidole."

Mlima mkubwa ni Nkungwe, mita 2,462. Nikamuuliza ukiunyooshea kidole inakuwaje. Akasema, "Wewe usiunyooshee tu."

Giza lilipoingia ziwa likawaka. Hakuna mwezi wiki hii, na giza ndiyo riziki ya wavuvi wa dagaa. Vipe, vyombo vyao vya kuvulia, vilitapakaa kila upande na taa zao, huwezi kujua wapi zinaishia taa na wapi zinaanzia nyota. Chini yetu kuna maji ya kina cha hadi mita 1,470. Hilo nililisoma shuleni na lilikuwa halijawahi kunisumbua. Usiku huu lilinisumbua hasa saa saba, injini ilipozima.

Nahodha akauliza kama kuna fundi. Binamu yangu, Mungu amsamehe, akanisonta. Nikaeleza kuwa mimi ni fundi simu. "Basi shika tochi," akasema nahodha. Nikashika tochi robo tatu ya saa, yeye akifungua plagi, akaifuta kwa shati, akaipuliza, akaisomea maneno yasiyoandikika hapa. Ikawaka. Mama mwenye kuku akasema alhamdulillahi kwa niaba yetu sote, na binamu yangu, aliyekuwa amelala wazi bila shuka kwenye upepo wa kusini, akapiga chafya ya kwanza.

Jumanne, Mgambo hadi Kasiha

Tumeshuka Mgambo saa tatu na nusu asubuhi, miguu imekufa ganzi. Tukanywa chai na mihogo ya kukaanga, tukanunua mchele, maharage, chupa ya mawese na migebuka sita ya kukaushwa, maana kwenye mabanda ya hifadhi unajipikia mwenyewe. Ukiagiza kambi za kifahari utapikiwa, lakini bei zake ukizisikia njaa inakatika yenyewe.

Kutoka hapo ni boti la hifadhi. Ndani ya Mahale hakuna barabara ya gari hata moja. Unafika kwa maji au kwa ndege ndogo inayotua kiwanja kilichoko kaskazini, na ukishafika ni miguu yako. Hifadhi ina kilometa za mraba 1,613, na mpaka wake unaingia hadi ziwani, kilometa 1.6 kutoka ufukweni. Katika ukanda huo wa maji hakuna kuvua. Unaona tofauti waziwazi: huku nyuma tuliacha nyavu na maboya kila mahali, na tulipovuka mpaka ziwa likawa tupu na samaki wadogo wa rangirangi wanaonekana kwenye mawe utadhani wako ndani ya glasi.

Kisha milima. Nimeiona kwenye picha za kalenda, ikanidanganya. Picha haikuambii kwamba inapanda kutoka majini moja kwa moja, msitu ukianzia pale mchanga unapoishia, na kwamba juu kabisa ina mawingu yake peke yake wakati anga lote lingine ni jeupe la Septemba. Mwongozaji alitueleza baadaye: unyevu wa ziwa unapanda ukigonga milima, unapoa, unakuwa mvua. Ndiyo maana upande huu wa magharibi hupata milimita 1,800 hivi kwa mwaka na kuwa na msitu mnene, na upande wa mashariki, mgongoni kwa milima, ni miombo mikavu yenye twiga na palahala. Hifadhi moja, nchi mbili.

Nilikumbuka mikono nikaiweka mifukoni.

Pale ofisini tulilipa ada ya raia, ambayo ni ndogo mara nyingi kuliko ya mgeni wa nje, tukasomewa masharti. Watu wasiozidi sita kwa kundi. Saa moja tu mbele ya sokwe, si dakika moja zaidi. Mita 10 kati yako na wao. Hakuna kula mbele yao, hakuna kutema mate, haja kubwa inafukiwa shimoni. Watoto chini ya miaka 12 hawaingii. Barakoa ni lazima. Na mgonjwa haendi.

Hapo binamu yangu akapiga chafya ya pili, au ya mia.

Askari alimtazama kwa huruma ya kweli. "Kaka, wewe kesho utabaki." Binamu akasema hayo ni mafua ya upepo wa boti, yataisha kwa chai ya tangawizi. Yule askari hakubishana. Alieleza tu kwamba sokwe hushikwa na magonjwa yetu, kifua chetu na chao ni kimoja, isipokuwa wao hawana zahanati. Mwaka 2006 ugonjwa kama mafua makali uliingia katika kundi hili hili, wakafa kadhaa na wengine wakapotea wasionekane tena. Binamu akanyamaza. Jioni nilimkuta ufukweni amejifunga shuka, anatazama jua likizama nyuma ya milima ya Kongo, anavuta kamasi.

Jumatano, Kasiha

Nimepanda mlima kwa saa sita na sijaona sokwe hata unyoya.

Tuliondoka saa mbili, mimi, wageni wawili wa Uholanzi na mwongozaji. Watafutaji wawili walitangulia alfajiri, na kazi yao ni kusikiliza. Sokwe hulala vitandani, na kila mtu mzima hutengeneza kitanda kipya kila jioni kwa kukunja matawi juu ya mti. Asubuhi wakiamka huitana, na ule mlio ndio anwani. Leo mlio ulisikika mara moja, mbali, juu sana, halafu kimya.

Tukapanda. Njia imefunikwa na majani yaliyooza, inateleza ingawa ni kiangazi. Mizizi ndiyo ngazi. Mara unavuka kijito cha maji baridi mpaka meno yanauma, mara uko ndani ya magugu yanayokupita kimo. Waholanzi wanapanda kama mbuzi. Mimi niliyezaliwa kwa Mtongwe nilikuwa nyuma yao, nahema kama kiwambo cha redio mbovu.

Hata hivyo si kwamba msitu ulikuwa mtupu. Kima wenye pua nyeupe na mkia wa rangi ya kutu walituzomea kutoka juu. Mbega wekundu, kundi kubwa, waliruka mti hadi mti, na mwongozaji akasema tukiwaona hawa wametulia tujue sokwe hawako karibu, maana sokwe huwawinda na kuwala. Nilidhani sokwe anakula ndizi. Kuna alama za nguruwe pori waliofukua ardhi kama jembe la mkono, vipepeo wengi kila penye tope, na kwenye njia, kinyesi cha chui chenye manyoya. Chui mwenyewe hukuona, lakini inatosha kujua kuwa yeye amekuona.

Kitu nilichokipenda kuliko vyote ni kidogo. Mwongozaji aliokota donge la nyuzi zilizotafunwa, la manjano, bado bichi. "Mabungo," akasema. Sokwe anajaza mdomo, anakamua utamu wote kwa ulimi na meno, anatema makapi. Mabungo yale yale ninayoyajua mimi kwa juisi yake ya chachu, niliyoinywa Zanzibar siku moja na kuhesabu chenji. Watongwe wanayaita ilombo, na msimu huu ndiyo chakula kikuu cha sokwe hapa. Nililishika donge lile kwa jani, nikaona alama za meno. Makubwa kuliko yangu, lakini mpangilio ni ule ule.

Tulirudi saa tisa, magoti yanatetemeka. Binamu yangu alikuwa amekaa kibarazani, uso wake umebadilika kabisa, kama mtu aliyeokota pochi.

"Wamepita hapa," akasema.

"Nani?"

"Sokwe. Saa tano. Nyuma ya jiko, wanne, mmoja ana mtoto mgongoni. Wametembea kwenye njia ile ile tunayopita kwenda kuoga. Mimi nilikuwa napika maharage."

"Ukafanyaje?"

"Nikaingia ndani nikafunga mlango na dirisha. Si nina mafua?"

Sikumwamini mpaka mpishi wa kambi alipothibitisha. Kwamba alifunga dirisha pia ni kweli. Alichungulia kupitia tundu la kitasa.

Alhamisi, msituni

Leo nitaandika kwa urefu, na mkono bado una tope.

Saa tatu na robo redio ya mwongozaji iliita. Hawakuwa mbali, dakika arobaini tu, mteremko wa chini, karibu na kijito. Wakati huu wa mwisho wa kiangazi hushuka sana kufuata matunda. Tulipofika kwa watafutaji tuliambiwa tuvae barakoa, tuweke mikoba chini, tusinyoosheane vidole. (Nikasema kimoyomoyo, bibi, na hapa pia.)

Sikuwaona. Nilikuwa nawatazama na sikuwaona. Mtafutaji alinigusa bega akaashiria kwa kidevu, na kile nilichokidhania kisiki kikageuza shingo.

Alikuwa dume mkubwa, ameketi ameegemea mzizi, mguu mmoja juu ya mwingine, anatazama kucha zake. Hakutushughulikia hata kidogo. Watu wamekaa nao tangu mwaka 1965, alipofika Mjapani Toshisada Nishida wa Chuo Kikuu cha Kyoto, kijana wakati huo, na kupiga kambi hapa kwa Watongwe. Mwanzoni waliwazoesha kwa kuwapandia miwa. Baadaye, miaka ya 1980, miwa ikakomeshwa, wakawa wanafuatwa tu kwa miguu. Kundi hili, linaloitwa M, lina sokwe kama 60, na kila mmoja ana jina na ukoo unaojulikana mpaka kwa bibi yake.

Pembeni yake wakaja wengine wawili. Wakaketi wanatazamana, kisha kila mmoja akainua mkono wake wa kulia juu, wakashikana viganja kichwani kama watu wanaoshikilia paa la banda, na kwa mikono ya kushoto wakaanza kuchambuana makwapa. Kimya kabisa. Unasikia tu midomo ikipiga papapa, kama mzee anayeonja mchuzi. Mwongozaji akaninong'oneza kwamba sokwe wa Gombe hawafanyi hivi. Wanachambuana kama kawaida, lakini hawashikani mikono juu. Desturi hii iliandikwa mara ya kwanza hapa Mahale, miaka ya 1970. Vivyo hivyo Gombe huchokonoa mchwa vichuguuni kwa vijiti, na kundi hili la hapa huchokonoa sisimizi wakubwa walio ndani ya mashina ya miti. Ziwa moja, mkoa mmoja, mila tofauti. Nikafikiria Waha na Watongwe, na jinsi mama yangu alivyosemwa siku zake za kwanza kwa mume kwa namna alivyosonga ugali.

Halafu amani ikavunjika. Juu ya mteremko ulitoka mlio, ule wa kuitana, unaoanza chini kama mtu anayepuliza chupa, huu, huu, unapanda, unaongezeka kasi, mpaka unakuwa ukelele. Wote waliokuwa wamekaa wakasimama wakaitika. Kelele ile huisikii kwa masikio, unaisikia kifuani. Dume likashuka manyoya yamesimama yote, linaburuta tawi kavu kubwa kuliko mlango, likapita mbele yetu, likagonga mzizi wa mti kwa miguu, du du du, likafika kijitoni, likainua jiwe kwa mikono miwili na kulivurumisha majini. Maji yakaruka mpaka kwenye viatu vya Mholanzi. Mwongozaji alikuwa ametubana sote nyuma ya mti mmoja na mkono wake mgongoni kwangu ulikuwa umetulia kabisa. Nami nilitulia kwa ajili ya mkono ule tu.

Kilichofuata kilinichekesha. Yule aliyekuwa akitazama kucha, bwana mkubwa asiye na habari, aliinama chini mpaka kidevu kikakaribia ardhi na kumsogelea yule mwenye jiwe huku akiguna kwa haraka haraka, hu-hu-hu. Anamwamkia. Nilishawahi kuwaona watu wakifanya hivyo kiongozi anapopita kwa msafara.

Siasa yao inajulikana. Mwongozaji, ambaye ni mtu wa Buhingu na hupenda hadithi, alitusimulia njiani habari za Ntologi, aliyekuwa mkuu wa kundi hili kuanzia 1979 na kwa sehemu kubwa hadi miaka ya kwanza ya 1990. Ntologi akipata nyama ya mbega hakula peke yake. Aligawa, lakini alijua nani wa kupewa. Aliwapa majike, aliwapa wazee wenye ushawishi na wale wasio tishio. Kijana anayeinukia, anayeweza kumpindua, hakupata hata mfupa. Nishida na wenzake waliliandika hilo kama mbinu ya kujenga uungwaji mkono. Sisi huku tunaiita takrima.

Dakika za mwisho zilikuwa za mama mmoja na mtoto wake. Mtoto alikuwa anajaribu kupanda mtambaazi mwembamba, anaanguka, anapanda. Mara ya nne alianguka kwa kishindo akanyamaza, akageuka kumtazama mama kuona kama ameonwa. Mama hakumtazama. Basi hakulia. Akapanda tena. Nina watoto wawili nyumbani, na ningeapa kuwa mama yule aliona kila kitu.

"Muda," akasema mwongozaji. Nilitazama simu. Kweli, saa moja kamili. Nilikuwa nimepiga picha kumi na tatu, kumi na mbili za majani.

Ijumaa, Kasiha

Mafua ya binamu yanaelekea kwisha, lakini siku mbili hazitoshi, bado haruhusiwi. Amekubali. Amejipa kazi ya kuhesabu viboko asubuhi, na anasema ni wanne, jioni anasema sita.

Leo sikulipia msafara. Nilimwomba mwongozaji anipeleke kando ya kijito, nikamweleza habari ya mwembe. Alifurahi kuliko nilivyotarajia. "Mbona hukusema tangu Jumanne? Mama yangu pia ni wa huku."

Mtu asiyeambiwa angepita hapo akaona msitu tu. Ukiambiwa, unaona kijiji. Michikichi imesimama mstari, na michikichi haijipangi mstari yenyewe. Milimau imekuwa mikubwa, imejaa miiba na ndimi za kuvu, na chini yake maganda. Pale penye uwazi palikuwa uwanja. Miembe ni minene ajabu, mikono ya watu watatu haiizungushi, na wakati huu ina maembe mabichi ya ukubwa wa yai.

Mwongozaji alinieleza jambo ambalo limekaa nami siku nzima. Watu walipoondoka, sokwe hawakuyajua matunda haya kuwa chakula. Walipita chini ya miembe miaka kadhaa bila kugusa. Kisha, mwanzoni mwa miaka ya 1980, watafiti wakaona mmoja mmoja ameanza kuonja maembe, na malimau, na wengine wakafuata. Siku hizi ni vya kwao. Hula limau zima bila kukunja uso.

Nikauliza huyu wa kwanza aliyeonja alikuwa nani. Akacheka, akasema labda alikuwa na njaa tu.

Niliutafuta mwembe wa babu. Ipo mitatu karibu na kijito, na mmoja ulio peke yake, mkubwa kuliko wote, shina limepinda kidogo. Nikaamua ni huo. Nikapiga picha tano, safari hii zikatulia. Nilitamani kuokota kokwa kuu kuu lililokuwa chini, nimpelekee bibi. Mwongozaji aliniona nimeinama. Hakusema neno, alikohoa tu. Hakuna kutoa kitu hifadhini, hata jiwe. Nikafunga kamba ya kiatu, ambayo ilikuwa imefungwa.

Wakati wa kurudi akasimama kwenye kichaka cha majani mapana. "Hii unaijua?"

Nilivunja ncha, nikaramba. Uchungu ulipanda mpaka masikioni, na nikawa na miaka sita, Ujiji, bibi amenibana pua, kikombe cha bati mdomoni. Mjonso! Dawa yake ya tumbo na minyoo, dawa ya kila kitu. Bukoba wanauita mubirizi.

Na hapo ndipo nilipopata kisa ambacho nadhani kila mtu wa Kigoma angepaswa kukijua. Novemba 1987, msituni humu, mtafiti Michael Huffman na mzee wa Kitongwe, Mohamedi Seifu Kalunde, walimfuata sokwe jike aitwaye Chausiku. Alikuwa mgonjwa, hana hamu ya kula, analala lala. Akaenda kwenye mjonso, akavunja vichipukizi, akamenya gome na majani akayatupa, akatafuna kiini cha ndani na kufyonza maji yake. Huffman hakujua mti ule ni nini. Mzee Mohamedi, ambaye alikuwa mganga, alijua mara moja: hiyo ni dawa, hata sisi tunaitumia. Siku iliyofuata Chausiku alikuwa amechangamka. Kutoka hapo ukaanza utafiti mrefu, maabara zikapima ule uchungu na kukuta ndani yake vitu vinavyodhuru minyoo. Dunia ikajifunza kwamba mnyama anaweza kujitibu. Lakini aliyeitambua dawa ile pale pale kichakani ni mzee wa Kitongwe, na jina lake limo katika maandishi yale kama mwandishi mwenza.

Jioni nilimsimulia binamu. Akasema, "Basi ungenichumia ya mafua."

Jumamosi na Jumapili, kurudi

Ziwa lilikuwa na mawimbi, boti lilikuwa na mbuzi. Sina la kuongeza.

Jumapili, Ujiji, jioni

Bibi alikuwa barazani anachambua mchele. Nilimwamkia, nikaketi, nikamwonyesha simu. Aliishika kwa mikono miwili, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu. Nikamkuzia picha. Alitazama kwa muda mrefu kiasi kwamba kioo kilizima mara mbili na nikakiwasha.

"Uliunyooshea kidole?"

"Hapana, bibi."

"Vizuri." Akaendelea kutazama. "Hapa ulisimama wapi? Ziwa liko mgongoni au mbele?"

"Mgongoni."

"Na kijito?"

"Mkono wa kushoto."

Akanirudishia simu, akachukua ungo wake.

"Huu si wetu. Wetu uko ng'ambo, kijito kiwe kulia. Huu ni wa jirani. Maembe yake yana nyuzi na ni machachu, baba hakuyala hata mwaka wa njaa." Akapuliza makapi. "Na hao sokwe wanayala?"

"Wanayala, bibi. Sana."

Akatikisa kichwa.

"Basi hawajavuka kijito," akasema.